Mto Uliopakwa Chai

LONDON, 1832. Ukungu bado umeikalia Southwark, na Tabitha Crouch ameshaanza kuchafua mto. Anachovya brashi, anailamba ncha ichongoke, kisha anapaka hudhurungi juu ya Mto Thames uliochapwa karatasini. Akimaliza anaisukuma picha kwa Keziah Pym, anayepaka buluu ya anga.

Hapa ni karakana ya Bwana Orrick, mchapishaji wa katuni. Kila mwanamke mezani ana rangi yake. Katuni ya wiki hii inamkejeli tajiri wa kampuni ya maji, anayemkaribisha mjane kikombe cha maji ya Thames yaliyojaa madudu, huku Kipindupindu akisubiri mlangoni amevaa kofia ya karani. Mji mzima unaicheka.

Cha ajabu ni mtungi wa kuchovyea brashi. Maji yake yanatoka mto huohuo.

"Tulikuwa tunayapaka rangi madudu, tena tunayalamba," anasema Tabitha. "Brashi usipoilamba haichongoki, na ukichelewa hulipwi cha kushibisha watoto."

Kisha Nance, aliyekuwa akipaka nyekundu, akaugua asubuhi na kufa jioni. Kiti chake hakijapata mtu.

Tabitha hadai kujua kilichomuua. Lakini udadisi ulimpeleka sokoni kwa mwenye hadubini, akatazama tone la maji ya mto: vidudu vinaogelea. Akamwomba alichemshe. Vidudu vikatulia tuli.

Tangu siku hiyo anakuja na chupa ya chai baridi, na humo ndimo anamochovya brashi. Bwana Orrick, asiyejua lolote, amemsifu kwamba hajapata kuona Thames iliyokolea vile.

"Akijua atanifukuza," anasema Tabitha, akicheka. "Ila kwa sasa, London nzima, mto unaonyweka ni huu wangu tu."

Tatizo ni Keziah. Chai itaharibu anga. Tabitha aliomba birika liwekwe jikoni, wote wapate maji yaliyochemka. Bwana Orrick akajibu kwamba makaa ni ghali. Sasa wanawake wamekubaliana: kesho brashi zitalala mezani mpaka birika lichemke, na Tabitha ndiye atakayesema.

"Naogopa, sikufichi. Lakini kiti kimoja kitupu kinatosha."

Pembeni yake, Keziah ameshainua brashi kuelekea mdomoni.

"We Keziah."

Keziah anasita, anaifutia brashi kwenye aproni, anaendelea na kazi. Ncha imetawanyika. Anga la leo linamwagikia mapaa.