Puce ya Micro na Neno la Kahindo

Bado naiona ile siku ya ndoa ya mudogo wangu Kahindo, kule Butembo, siku niliyomunyima mama yetu neno lake. Nilikuwa musichana wa mikono myepesi na kiburi kikubwa. Nakueleza yote, mwanangu Kavira, juu ulinipigia simu toka Beni unaniuliza: «Koko, mu préampli ya micro nitie puce gani?» Majirani balicheka. Bibi kizee aliyeachia shule ku mwaka wa ine ya primaire, anaulizwa mambo ya électronique na mujukuu mwenye diplôme! Nikabaambia: chekeni tu. Mujukuu wangu anajua pahali pa kuuliza.

Baba mudogo wangu alitengenezaka radio mu kanyumba ka mabati karibu na soko. Nilimusaidia tangu nikiwa kasichana. Kusoma barua kulinitoa jasho, lakini rangi za résistance, tule tudude twa mistari ndani ya radio, nilizijua kama shanga za rozari. Mwaka ule wa ndoa alijenga préampli, ile kasanduku kanakopokea sauti ndogo ya micro na kuikuza mbele haijafika ku ampli kubwa. Ndani yake munakaa puce, unaijua, kadudu keusi ka miguu munane. Hakuichoma na étain, ile risasi ya kuunganishia. Aliitilia kikalio, kusudi mutu aweze kuitoa na kutia ingine.

Alikuwa na tumakopo tubili. Mu kamoja zilijaa puce za namba 741, nyingi kama maharagi. Mu kengine ilikuwa ya namba 5534, moja tu, ameifunga mu karatasi ya aluminium kama dawa ya mugonjwa.

«Masika,» akaniambia, «hii ya peke yake ndiyo ya micro ya ndoa. Zile zingine ziko na kelele ndani yazo zenyewe.» Kisha akaenda kutundika mabafle, zile spika kubwa, mu lupango, uwanja wa nyumba yetu.

Bafle moja aliigeuza nyuma, ku jikoni. Kahindo ndiye aliomba vile. Mama yetu alikuwa kule ku masufuria. Utakaa namna gani mbele na batu mia banangoja kula? Na Kahindo alikuwa na neno kwa mama. Alisema: «Nitalisema mara moja tu. Mara ya pili nitalia.»

Sasa angalia upumbavu wangu. Nilitia 741 moja, nikashika micro: «Allô! Allô! Un, deux!» Sauti ikatoka kama ya askofu siku ya Pasaka. Nikaitoa, nikatia ile 5534. «Allô! Allô!» Kitu kile kile. Nikasema mu moyo: baba mudogo anazeeka, anabembeleza kadudu bure. Nikarudisha 741, na ile nzuri nikaifunga tena mu karatasi yake, tuitunzie kazi kubwa. Kazi kubwa! Ndoa ya mudogo wangu ilikuwa nini basi, kazi ya kuchota maji?

Bibi arusi wa kwetu haongeaki juu. Macho chini, sauti chini. Akiongea sana mbele ya bakwe, banasema huyu anakuja kututawala. Kahindo akapewa micro, akafungua kinywa, na sisi hatukusikia kitu. Nikafungulia bouton ya sauti. Ikaanza: shshshsh. Nikaongeza. Shshshsh, kama mvua ya mwezi wa kumi ku mabati. Nikaongeza tena, mabafle yakalia wiiii, bamama bakaziba masikio.

Shangazi wa bwana arusi, mwanamuke mwenye kinywa kama changu, akasimama: «Sisi tuliomba bibi arusi, banatuletea mvua?»

«Ao anakataa?» mwingine akasema. «Basi mbuzi zetu zirudi!»

Batu bakacheka mupaka machozi. Na miye, badala ya kuona aibu yangu, nikamupigia mudogo wangu kelele mbele ya bote: «Kahindo, paza sauti! Chakula unakulaka vizuri, sauti yako iko wapi?»



Baba mudogo akakata umeme. Kimya kikaanguka. Kahindo akasema, «Ninakubali,» na kwa kile kimya hata bale ba nyuma balisikia. Vigelegele vikapigwa. Lakini lile neno la kumuambia mama, Kahindo alikuwa amekwisha kulisema ndani ya mvua yangu. Hakulirudia.

Wageni bakiwa banakula, baba mudogo alifungua kasanduku, akaona 741. Hakunipiga.

«Ulijaribu na sauti ya nani?»

«Na yangu.»

«Yako hata bila waya inafika kule Mavivi. Leo aliolewa Masika?» Akakaa chini pembeni yangu. «Mutoto, ukipiga kelele, puce zote zinafanana. Tofauti utaisikia mutu akinong'ona. Na hapa ndiyo mulango wa kwanza: kelele ikiingia hapa, yote ya mbele inaikuza pamoja na sauti.»

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakwangua sufuria. Akaniuliza: «Mudogo wako alisema nini? Nilisikia mvua, nikakimbia kufunika mihogo yangu ku jua.»

Kahindo alipelekwa kwa bwana yake, kule Kasugho, siku ile ile. Nilikaa na ile mawazo mupaka nikashindwa, nikapanda camion, nikamufuata. Nilimukuta mu shamba, tumbo tayari imeanza kuonekana. Nikamuomba musamaha, nikamuomba neno. Alisimika jembe lake mu udongo. Kisha akasema: «Nilimuambia hivi: Mama, ule mwaka wa njaa ulituambiaka umekwisha kula. Nilijua haukula.»

Nikarudi nalo Butembo kama mutu anayebeba mayai. Mama alikuwa anachagua maharagi. Nikamuambia yote. Mikono yake ikasimama.

«Wasingya, asante,» akasema. «Lakini hii ni sauti yako, Masika.»

Donc, mwanangu. Uliniambia ile micro ni ya kuchukulia maneno ya bamama ba commune Ruwenzori, bale balioacha mashamba yabo na kukimbia vita. Banaongea chini chini, unajua sababu. Hapana kubaambia bapaze sauti. Kazi ya kusikia ni yako.

Uliza kwanza ni nani anaongea, kisha chagua puce. Micro yako ya bobine, ile ya waya iliyozungushwa ndani, inataka puce yenye shshsh ndogo ku mulango, ndugu za ile 5534. Kile kidude banabandika ku gitaa ni jambo lingine. Kile kinataka ya aina ya TL072, na hapo hata ile ya bei kubwa, 5534, inaweza kukuaibisha. Résistance za pale mulangoni zikuwe ndogo, juu zile kubwa nazo zinapumua shshsh. Ukinunua ku soko, pangusa maandishi ya puce na acétone, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Yakifutika, ni ya bandia, rudisha, na huyo muuzaji umuambie koko yako anamusalimia. Kisha toa micro, tia pahali pake résistance ya ohm mia mbili, tumia batri kusudi groupe, ile mashine ya umeme ya jirani, isikudanganye na mungurumo wake, fungulia sauti, badilisha puce moja moja, usikilize ni ipi inanyamaza.

Na jaribio la mwisho, hili si la diplôme. Muambie mama yako akae mu chumba kingine karibu na bafle. Weye shika micro, hapana allô allô. Munong'oneze neno ambalo haujamuambiaka. Akikujibu kutoka kule, puce yako ni nzuri.

Mungu abariki mikono yako, Kavira, na masikio yako zaidi. Kila mama atakayekaa mbele yako asirudie neno lake mara mbili. Na mama yako akujibu.