Kiapo cha Zeu

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowafunga waliokula kiapo cha siri kwa nyama ya mbuzi ili kuipinga, neno "kiapo" halikutajwa ovyo pale Ruiru. Mimi nilikuwa mwalimu, msichana bado, tena mbishi, na somo la siku hiyo lilikuwa Wagiriki wa kale. Nikawaeleza wanafunzi kwamba kabla ya michezo yao mikubwa, wakimbiaji walisimama mbele ya sanamu ya mungu wao Zeu, wakaapa juu ya vipande vya nyama ya nguruwe kwamba hawatafanya hila. Baba zao na ndugu zao waliapa pia.

Homgadi wa zamu, askari wa kijiji aliyeilindia serikali, alikuwa dirishani. Alisikia kiapo, nyama, ndugu. Ikamtosha.

"Mwalimu, wacha chaki. Twende Thika."

Tulipanda lori la mkonge. Nilijua kuna waliowekwa kizuizini kwa maneno machache kuliko hayo.

Mbele ya ofisa mzungu homgadi alikakamaa. "Afande, huyu analisha watoto kiapo. Mkubwa wao anaitwa Zeu. Anakaa mlimani."

"Mlima gani?"

"Amekataa kusema, afande."

"Olimpo," nikasema.

Mzungu akaweka kiko chake mezani. "Nguruwe dume," akanisahihisha. "Hapana nguruwe yoyote tu. Mimi nilisoma hii shuleni." Akafumba macho, akaweka mkono kifuani, akaanza kukariri Kigiriki kwa sauti ya kanisani.

"Ngai!" homgadi akanong'ona, akimwita Mungu kwa Kikuyu huku akirudi nyuma. Alinitazama mimi, akamtazama mkubwa wake, kama mtu aliyegundua kwamba kiapo kimefika hadi serikalini.

Niliachiliwa, nikaamriwa nifundishe mito na maziwa.

Njiani kurudi, homgadi alinigeukia tulipokaribia mashamba ya kahawa.

"Mwalimu, huyo Zeu, mtu akiapa uongo anamfanya nini?"

"Anampiga radi," nikajibu, nimekaza uso. "Halafu anakata ukoo wake."

"Hata kama alimwapia mke wake tu?"

"Hapo ndipo anapokasirika zaidi."

Jumamosi mkewe alikuja kwangu na mkungu wa ndizi.

"Mwalimu, ulimwambia nini mzee wangu? Aliniapia ameacha pombe. Jana ametoa mtungi wa muratina nyuma ya ghala, akaumwaga wote mbele yangu, na sijamuuliza lolote! Na mawingu yakinguruma tu, anajifunika blanketi mpaka kichwani."

Nilimkaribisha chai, nikazipokea ndizi.