Ekutere za Ilunga

Hata leo siku ile inanirudia, mwanangu: siku niliyovaa masikioni ekutere, vile vya kusikilizia, za muntu mwingine, nikitaka kumukamata musaliti.

Unanijua. Depo hii ya mtaa wetu wa Kenya, yenye sementi, misumari na malata ya kuezekea nyumba, hakuna aliyeniachia. Nilianza na kusukuma pusipusi ya mizigo sokoni, na shule niliiacha mwaka wa nne wa primere. Leo benye diplome bananiita Patron. Muntu aliyepanda hivyo, mwenye kumuchekea anamuangalia kwanza mikono, asije akamuibia.

Ilunga ni kipofu. Padri wetu ndiye alimuleta, apokee simu za bateja na kuandika komande zao, vitu banavyoagiza. Ordinatere yake, kompyuta ya kazi, ina sauti, inamusomea maneno yote masikioni kupitia ekutere. Mimi sikuamini. Kipofu gani anaandika haraka vile? Siku ya pili nikamuwekea ndoo katikati ya njia. Fimbo yake ikaigonga, akasimama.

"Patron, hii ndoo inatafuta kazi? Uiambie nafasi imejaa."

Bafanyakazi bakacheka. Mimi hapana.

Wakati ule nilikuwa na ukurasa mupya wa depo kwenye internete. Fundi aliyeutengeneza aliponiomba liste ya vitu, nikamwambia apige foto ya tablo yangu ya mulangoni, ile ninayoandika na chaki kila asubuhi. Nilijivuna sana: chaki ya mukono wangu inaonekana mpaka muji wa mbali wa Sakania! Ilunga akaniomba, tena mara mbili, ile liste iandikwe kwa maneno. Nikajisemea, huyu anatafuta kujua stoki yangu yote. Nikakataa.

Kisha Mama Bea, muteja wangu mukubwa wa Sakania, akapiga simu kutafuta malata. Sikuwepo. Ilunga akamujibu kwamba hajui kama iko. Mama akaenda kununua kwa jirani yangu mwenye depo, ng'ambo ya barabara. Na malata yalikuwa nyuma ya kiti cha Ilunga, yamepangwa mpaka juu!

Nikaona yote wazi: jirani amemununua. Na zile ekutere, ndiyo namna banaongea. Asubuhi nikaita bafanyakazi bote bashuhudie namufukuza.

"Toa ekutere. Leo nitasikia wewe na rafiki yako munasema nini."

Akazitoa masikioni, akanipa. "Funga macho, Patron. Utasikia muzuri."

Nikafunga. Akafungua ukurasa wa depo, akabonyeza. Sauti ya mwanamuke ikasema kwa Kifaransa: "Image," yaani picha. Akabonyeza tena. "Image." Tena. "Image."

"Na malata iko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo ile nauliza tangu mwezi mzima."

"Huyu mwanamuke haoni tablo?"

"Haoni, Patron. Foto kwake ni ukuta. Tuko vipofu wawili hapa, mimi na yeye. Na wewe, batatu."

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliniuma.

Mchana ule nikakaa naye, mimi nikisoma tablo kwa sauti, yeye akiandika. Makosa ya kusoma kwangu aliyanyoosha kimya, bila kunitangaza. Yeye mwenyewe akamupigia simu Mama Bea, ambaye alinitukana muzuri, kisha akarudi kununua kwangu.

Nikuambie na jambo ninalolificha: kusoma barua ndefu kunanishinda. Barua zinazotoka biro za serikali nilikuwa nasomewa na bantu, kila mara nikishuku banaruka mistari. Leo nina ekutere zangu. Ile sauti ya ordinatere ya Ilunga inanisomea na mimi.

Mwanangu, sikuambii uache kushuku. Kushuku kumelinda depo hii. Lakini mufanyakazi akishindwa, anza kushuku kile ulichomuwekea mbele yake. Unachoweka kwenye internete, kiandike kwa maneno, na foto uieleze ni ya nini. Muulize mwenye kuitumia, na akikujibu umuamini, usimutafutie ndoo.

Mungu akulinde, abariki mikono yako, na akupe bafanyakazi kama Ilunga, benye kukucheka usoni, si mgongoni.