Yai Alilokula Mama Wakati wa Kwaresima

Watu wa kijijini kwetu wakimtaja mama yangu Saveta, Mungu amlaze mahali pema, hawaanzi na kuku wake wala mikate yake. Huanza na mfungo. Tangu alipokuwa msichana mdogo hakuwahi kuonja nyama, maziwa wala yai Kwaresima nzima. Alifunga hata akiwa na mimba ya dada yangu Aurica. Alifunga pia enzi zile za serikali iliyochukia makanisa, alipokuwa akifanya kazi kwenye mabanda ya kuku ya ushirika. Wenzake walikaanga mayai yaliyopasuka nyuma ya banda. Yeye alikaa pembeni na ugali wake na kitunguu, akiwaombea.

Anayefuga kuku anajua ugumu wake. Kwaresima ndiyo majira wanayotaga kuliko mengine yote. Theluji imeyeyuka, majani yamechipua, na kuku wa kishingo wa mama, wale wasio na manyoya shingoni, walikuwa kama wanashindana. Sisi tulikula maharage na kabichi iliyochachushwa, na mayai yakalazwa kwenye pipa la pumba, yakingoja Pasaka.

Smaranda, binti wa Aurica, alilelewa na mama. Aurica yuko Italia, anatunza wazee wa watu, na mimi naishi ng'ambo ya ua. Mwaka alioingia miaka kumi na mitano, Smaranda alirefuka kama anayevutwa nywele kutoka juu. Mikono ya sweta iliishia katikati ya mikono yake. Jirani yetu Tinca alisimama kwenye uzio akacheka:

"Saveta, mfunge huyo mtoto jiwe kichwani, atakutobolea dari!"

"Wewe ungefungwa jiwe mdomoni," mama akamjibu.

Mwaka huo Smaranda alisema atafunga Kwaresima yote, kama bibi yake. Mama alifurahi mno. Mimi pia. Tulimwona akizidi kuwa mweupe usoni tukadhani ni utakatifu.

Ijumaa moja tulikuwa kanisani kwenye ibada ndefu, ile ya kusujudu mpaka paji la uso liguse sakafu. Smaranda alikwenda chini. Tinca akanigusa kiwiko, machozi yakimlengalenga. "Mtazame anavyosujudu. Watoto wa siku hizi wangekuwa hivi wote!" Watu wakasimama, wakasujudu tena, wakasimama. Smaranda alikuwa bado chini. Wengine wakaanza kufanya ishara ya msalaba kwa kumstahi. Ni mama aliyemshika bega akakuta limelegea.

Daktari wa zahanati alimvuta kope la chini, akatikisa kichwa.

"Damu haitoshi. Mama, huyu anajenga mifupa, anajenga misuli, na kila mwezi anapoteza damu. Anajenga kwa kitu gani? Maharage ni mazuri, lakini kwa anayekua kwa kasi hii hayatoshi peke yake. Mnafuga kuku?"

"Tunafuga."

"Basi ale mayai. Na maziwa, na nyama kidogo, na vidonge hivi."

Mama hakubishana. Alikwenda moja kwa moja kwa Padri Gavril, naye akasema mtoto mgonjwa hafungwi na mfungo, ale kwa baraka yake. Jioni hiyo mama akachemsha yai, akaliweka mezani.

"Siwezi, bibi," Smaranda akasema.

"Padri ameruhusu."

"Ameruhusu. Lakini siwezi."

Akalisukuma yai kando. Siku iliyofuata mama, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo, alikoroga kiini cha yai ndani ya mchuzi wa maharage. Smaranda alikula kijiko kimoja, akainua cha pili, akakitazama.

"Bibi, hii ya njano ni nini?"

"Karoti."

"Karoti ina nyuzi nyuzi?"

"Ni karoti ya mwaka jana."

Nilitaka kucheka, lakini mtoto alishaanza kulia. Hapo ndipo yote yalipotoka. Aurica alikuwa amekosa Pasaka mbili mfululizo. Smaranda alikuwa amemwahidi Mungu kwamba akifunga siku zote bila kukosea, mama yake atarudi. "Na sasa umeniharibia!" akapiga kelele. "Umeniharibia kwa kijiko kimoja!"

Tangu hapo hakugusa chochote kilichopikwa na bibi yake. Alikula mkate aliojikatia mwenyewe, na chumvi. Kupanda ngazi tatu za ubaraza ilimbidi ashike ukuta. Nilimwambia mama tumpeleke hospitali ya mjini, wakamlishe kwa nguvu. Mama akasema ngoja. Usiku huo nililala kwao, nikamsikia akiomba mbele ya picha takatifu, na hakuwa akiomba kwa maneno ya kitabu.

Asubuhi akaja mezani na mayai mawili yaliyochemshwa. Akamenya moja, akaliweka mbele ya Smaranda. Akamenya la pili, akaliweka mbele yake mwenyewe. Akajifanyia ishara ya msalaba, akaliuma.

Sikuamini macho yangu. Smaranda naye alipauka zaidi.

"Bibi! Unafanya nini?"

Mama alitafuna polepole kama anayetafuna udongo. Alipomeza akasema, "Nimevunja mimi, na sikuwa mgonjwa. Kijiko chako hakikuvunja kitu, ulidanganywa. Mama yako akija, ni kwa neema ya Mungu. Asipokuja, useme ni kwa ajili ya yai la bibi. Usijitwishe wewe. Wewe bado unakua, huwezi kubeba mzigo wa namna hiyo." Akalitazama yai, akaongeza, "Halina chumvi."

Smaranda alicheka na kulia pamoja, makamasi yakimtoka. Kisha akala, kwanza yai lake, kisha nusu iliyobaki ya bibi yake.

Kuanzia siku hiyo alikula yai kila asubuhi. Mama hakula jingine. Lakini Tinca aliona maganda kwenye rundo la majivu, akaja akiwa na wanawake wawili nyuma yake.

"Saveta! Maganda ya mayai Kwaresima? Au ni paka amejifunza kumenya?"

Angeweza kusema ni ya mtoto, na ingekuwa kweli karibu yote.

"Mojawapo nimekula mimi," mama akasema. "Haya, nendeni mkatangaze, msije mkapasuka."

Wakatangaza. Padri Gavril alitaka kumsamehe hapo hapo na kumpa Komunyo ya Pasaka. Mama akakataa. "Ruhusa ilikuwa ya mtoto, baba. Mimi nitangoja." Mwanamke aliyekuwa akitangulia kukomunika kila mwaka akawa anasimama nyuma, karibu na mlango, pamoja na wanaume wanaonuka sigara.

Aurica hakuja. Alipiga simu Jumapili ya Matawi. Waliomwajiri walimnyima likizo. Smaranda alirudisha simu mezani, akamgeukia bibi yake.

"Ni yai lako."

Nilifungua mdomo nimkemee. Mama akanikanyaga mguu.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ni yai langu."

Kwetu tunaamini waliogonganisha mayai mekundu siku ya Pasaka watatafutana na kuonana ng'ambo ya kaburi. Kengele za Pasaka zilipolia, kila mtu aligeukia wake. Smaranda, mashavu yakiwa yamerudiwa na rangi, alipenya katikati ya watu mpaka kule mlangoni.

"Kristo amefufuka, bibi."

"Kweli amefufuka."

Wakagonganisha. La mama likapasuka. Smaranda akamwinamia sikioni, maana alishamzidi kimo, lakini nilisikia. "Halikuwa yai lako."

"Najua," mama akasema. "Kula, usije ukaanguka tena."

Tulimzika mama mwaka huu, baada ya mavuno ya zabibu. Aurica alikuja, safari hii alipewa ruhusa. Alisimama kando ya binti yake, akafika begani kwake, akazidi kumtazama kuanzia viatu mpaka kichwani kana kwamba haamini.

Desturi yetu ni kumpitisha kuku hai juu ya kaburi, apewe mtu kuwa sadaka ya marehemu. Mama aliniagiza mapema: "Mpe Smaranda. Usimpe Tinca, atamchinja." Nilimpitisha yule kishingo mtagaji juu ya shimo, na Smaranda akampokea upande wa pili kwa mikono mirefu iliyofika bila taabu.

"Mungu amsamehe bibi yangu," akasema, kama inavyopasa. Kuku alihangaika kidogo, kisha akatulia kifuani pake.