Mama Pindo na Ukurasa Ulioachwa Wazi

Huyu ninayemwandika ni Mama Pindo, fundi cherehani, binti wa fundi viatu, mjukuu wa mshona magunia. Ndiye aliyemzuia bwana harusi mlangoni akamkazia kifungo cha koti huku magari yanapiga honi nje. Ndiye aliyemrudisha hakimu kutoka barabarani kwa sababu bega la joho lilikuwa limelegea. Ni binamu yangu, kwa hiyo nina ruhusa ya kumcheka.

Mwaka ule chuo cha wauguzi kilitafuta fundi wa sare. Mkuu wa chuo akampigia simu: "Kazi zako nizione wapi mtandaoni? Jioni tunaamua." Mama Pindo hakuwa na ukurasa wowote, na bila zile sare wasichana wake wa cherehani wangekosa kazi. Akawaita wanawe, kaka mkubwa, mwalimu wa kompyuta, mdogo wake wa kike fundi simu. Wakaanza kugombana juu ya meza ya kukatia nguo kabla kompyuta haijawaka.

"Tutumie XHTML, lugha kali ya kuandikia kurasa," kaka alisema. "Kila kifungu kina alama ya kufungua na alama ya kufunga. Ukisahau moja, ukurasa unagoma kufunguka."

"Kaka, huo ni ukurasa au askari wa zamu? Mimi naandika kwa HTML ya siku hizi. Ukisahau alama, simu ya mteja inaziba pengo yenyewe, wala hajui."

"Inaziba!" Mama Pindo akashika kiuno. "Ndiyo maana sketi zako zote zimeshikwa na pini. " Akamgeukia kaka. "Mwanangu, andika wa kwako."

"Haya, Mama. Mimi wa kwangu naandika pembeni," binti alisema. " Baadaye msinililie."

Ukurasa wa kaka, wenye picha za nguo za mama yake, ulipendeza kweli. Akaujaribu, ukafunguka, akamtumia mkuu wa chuo anwani yake, akatoka kwenda kula.

Sasa, kwa Mama Pindo nguo haimaliziwi pindo kabla mteja mwenyewe hajaivaa mbele ya kioo, hushikizwa tu. Akavaa miwani, akaitafuta ile alama ya mwisho ya kufunga, akaifuta, akahifadhi kama alivyomwona mwanawe akifanya.

"Wewe, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mteja hajajaribu. Nifunge nini?"

Nikamwacha. Nilitaka kuona mwisho wake.

Simu ikalia. "Mama, mbona huku naona maneno ya kosa tu?" Alikuwa mkuu wa chuo.

Kaka akarudi mbio, mdomo umejaa. "Nani kafuta alama yangu?"

"Mimi. Na usinikodolee macho, nimekuzaa."

Binti alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika. Akauweka ukurasa wake mahali pa ule wa kaka. "Mkuu, hebu tazama tena."

Nilichungulia: nusu ya alama zake zilikuwa wazi kama madirisha ya kiangazi. Mama Pindo akakunja utepe wa kupimia, akaukunjua.

"Ahaa!" ikasema simu. "Kola hizi nimezipenda. Sare ni zenu."

Mama Pindo hakumshukuru mtu. Alisema, mbele yangu bila haya, kwamba tangu asubuhi alijua ukurasa wa binti ndio utakaofaa. Kisha akamgeukia kaka, aliyekuwa bado anatafuna.

"Mteja kashajaribu. Ukurasa wa mdogo wako unabaki. Wewe vuta kiti, ufunge kila alama aliyoiacha wazi. Ukimaliza, umfundishe na yeye kufunga."