Mnufaika Ndani ya Tope

Lukia wa hapa Bombo ndiye wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Mimi jirani yao nasema wazi: chuo kilimpa elimu, kikamfundisha na kukunja pua. Alirudi na raba nyeupe, nyeupe pe, kwenye milima hii ya udongo mwekundu. Nikajua huyu tumeshampoteza.

Alikuja kwa mafunzo ya vitendo, miezi miwili, mambo ya umwagiliaji. Mwishoni mhadhiri angekuja kumpima, na akifeli anarudia mwaka. Mama yake hubeba magunia ya tangawizi za watu kutoka mashambani hadi barabarani, kichwani. Shingo ile isingeweza mwaka mwingine. Lukia alilijua hilo, ndiyo maana wiki nzima hakula vizuri.

Sasa siku ya mhadhiri kufika, si pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikalia! Kwetu pembe ikilia, kila mtu mzima aliyelala kijijini anabeba jembe. Anayebaki nyumbani anatozwa jogoo. Siku hiyo tulikuwa tunazoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba.

Lukia alimkimbilia mzee Loth, msimamizi wa kazi.

"Shikamoo babu. Naomba ruhusa, nina mgeni kutoka chuo."

"Marahaba. Mgeni kalala hapa?"

"Hapana, anatoka Same asubuhi hii."

"Basi mgeni tumemsamehe. Wewe ulilala hapa."

Binti akatoweka. Saa nne tunamwona ukingoni mwa ndiva, kofia ngumu ya njano kichwani, ameongozana na mhadhiri wake, Dokta Anderson, aliyeshuka kwenye bodaboda na vumbi hadi kwenye kope. Sisi watu sitini tumo kwenye tope hadi magoti, yeye yuko juu anatuonyesha kwa kidole na kumwaga Kiingereza. Nilikasirika, sifichi.

"Vizuri sana," Dokta akasema. "Na yule mama anayewafokea wanaume pale chini ni nani?"

Alikuwa mama Lukia, bega kwa bega na mimi.

Lukia akaishika kofia yake. "Ni... ni mmoja wa wanufaika, Dokta."

Mama Lukia akanigeukia. "Kasema mimi nani?"

"Mnufaika."

"Ni cheo?"

"Sidhani, shoga yangu."

Akanyamaza. Nimemjua miaka thelathini, sijawahi kumwona akinyamaza. Iliniuma kuliko kama angelia.

Hapo hapo mzee Loth akapanda ukingoni, jogoo kwapani.

"Lukia! Jogoo wenu nimemchukua. Ulilala hapa, na jembe hukubeba."

"Hata mwanafunzi anatozwa?" Dokta akauliza, kalamu imeshatoka mfukoni.

"Hata mwenyekiti tulimla wake. Alikuwa mgumu."

Dokta alicheka hadi miwani ikateleza. Kisha akakunja uso. "Jogoo wenu? Lukia, kwenu si Same mjini? Ndivyo ulivyoniambia."

Lukia akainamia raba zake. Dokta akainama kuelekea kwetu. "Shikamoo mama. Unamfahamu binti huyu?"

Mama Lukia akaegemea jembe lake. Nilijua sasa atamwaga yote, na nilitaka amwage.

"Marahaba baba. Namfahamu. Ni mtaalamu kutoka chuo, anatusaidia sana. Mpe maksi zake."

Hivyo tu, akarudi kuzoa tope. Nilitamani kumzaba kofi binti yule.

Sikuwahi. Lukia aliruka kutoka ukingoni, raba na vyote, akateleza, akakaa kwenye tope kwa kishindo kilichotuchafua wote.

"Ni mama yangu, Dokta!" akapiga kelele. "Nilikudanganya. Mimi ni wa hapa, na huyu ni mama yangu!"

Ndiva nzima ikaangua kicheko. Mama Lukia hakucheka. Alimfuta binti yake usoni kwa kiganja chenye tope, akazidi kumpaka.

Dokta alifunua ukurasa mpya. "Haya, anza upya. Nieleze ndiva hii inavyofanya kazi. Kwa Kiswahili, mama asikie."

Lukia akaeleza pale pale alipokaa, kamasi zikimtoka. Alifaulu, na asije akadanganya mtu kwamba alifaulu peke yake: kila alipokosea, mama yake alimkatiza, na Dokta alifuta alichokwisha kuandika, akaandika cha mama.