Mtu Huru na Kodi ya Kibao

Shule niliiacha darasa la tano, siku mwalimu alipotuambia kwa mara ya tatu tulete mchango wa chaki, huku bado akituandikia ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Niliuliza chaki za mara mbili zile zilikwenda wapi. Nikatolewa nje nitafakari adabu yangu. Nilitafakari hadi Tchomia, ziwani, nikavua samaki. Nikatafakari hadi Mongbwalu, nikachimba dhahabu. Nilipofika mjini Bunia, miaka mingi baadaye, nilikuwa bado sijapata jibu la chaki, lakini nilikuwa nimepata falsafa.

Falsafa yenyewe niliiokota shimoni. Kule Mongbwalu ukitoa mchanga wenye dhahabu, mwenye shimo anachukua fungu lake, mwenye kilima lake, mwenye pampu ya maji lake, kisha anakuja mtu ambaye kazi yake ni kuwa na bunduki, naye anachukua la usalama. Mchimbaji mmoja mzee niliyekuwa nikila naye sufuria moja aliyatazama mafungu yakiondoka, akasema, "Ya mutu ni ya mutu," kisha akarudi shimoni. Alisema hivyo kila siku, na kila siku hakuna aliyemrudishia kitu. Mimi niliyachukua maneno yale nikayaongezea. Niliandika katika daftari: kitu changu kisichukuliwe bila ndiyo yangu; cha mwenzangu nisikiguse bila ndiyo yake; na Mungu akitaka kitu kwangu, aniombe mwenyewe.

Njiani kutoka Mongbwalu kwenda Bunia nililipa kwenye vizuizi mpaka nikaacha kuvihesabu. Vingine vilikuwa na askari na muhuri, vingine na vijana wenye bunduki bila muhuri, na kimoja kilikuwa na kamba na filimbi tu. Wote walitaka bei ileile, na wote waliniambia ni kwa ajili ya usalama wangu. Yule wa filimbi ndiye peke yake aliyesema asante.

Dhahabu iliyobaki ilitosha kununua paneli moja ya jua na betri moja. Nikaanza kazi ya kuchaji simu katika mtaa wa Mbunya, kwenye kiwanja cha mama mmoja mjane aliyekimbia kutoka Djugu, muuza samaki wa moshi. Ilikuwa miaka ile ambayo vita vilisemwa vimekwisha, lakini kila jioni watu walipiga simu vijijini kuuliza kama kumeshinda salama, na asubuhi wakapiga tena kuuliza kama kumelala salama. Simu isiyo na moto, yaani chaji, ilikuwa kama nyumba isiyo na mlango. Kwa hiyo sikukosa wateja.

Mkataba wangu na mama ulikuwa hivi. Paa la nyumba yake lilikuwa na tundu, sawasawa juu ya kitanda chake. Mimi nilikuwa natafuta pa kuweka paneli. Alitoka nje, akaipima paneli kwa mikono, akalipima tundu kwa macho.

"Weka pale," akasema.

"Na bei ya paa, mama?"

"Na bei ya kifuniko?"

Tukacheka, tukaziba kingo kwa lami na plastiki, ikawa imekwisha. Hakuna karatasi, hakuna muhuri. Usiku wa mvua yeye alilala pakavu, mchana wa jua mimi nilikula. Niliandika katika daftari kwamba serikali ya haki Bunia nzima ilikuwa ni mimi na mama yule.

Kitu kimoja tu kilinisumbua kwake. Kila alipopokea samaki kutoka Tchomia, alitenga samaki wa kumi kwa ajili ya kanisa.

"Mama," nikamuuliza, "Mungu anakula samaki?"

"Hapana."

"Sasa ule wa kumi anaenda wapi?"

"Kwa pasta. Iko na bibi na batoto sita. Unafikiri banakula mawe?"

"Lakini ile ni lazima, mama. Banakulazimisha."

"Nani ananilazimisha, mimi? Angalia." Akaniinulia samaki aliyetengwa. Hakuwa na mkia. "Ule mwenye kuvunjika mukia njo napeleka. Mungu anaangalia roho, haangalie mukia."

Nikafunga daftari.

Na Jumamosi kulikuwa na salongo. Asubuhi ya salongo maduka yanafungwa, pikipiki zinasimama, na kila mtu anatoka na jembe au ufagio kusafisha mfereji ulio mbele ya kiwanja chake. Asiyetoka anatozwa faini. Shefu wa avenyu yetu, mzee mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alipita akigonga mabati ya watu. Jumamosi yangu ya kwanza nilimwambia mlangoni, kwa heshima, kwamba kazi ya lazima isiyo na malipo inaitwa utumwa.

"Sawa," akasema. "Utumwa inaanza saa moja. Kuya na jembe."

Sikutoka. Nililipa faini nikiandika katika daftari. Nilipochungulia nje, mama alikuwa amemaliza sehemu yake ya mfereji na alikuwa anachimba yangu.

"Mama, sikukutuma!"

"Najua," akasema, na akaendelea.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa siku alipokuja mtu wa kodi. Tulifahamiana naye. Alikuwa mteja wangu, wa aina ile ya wateja wanaolipa mwisho wa mwezi wasiosema mwezi gani. Kila asubuhi aliacha simu yake katika sanduku langu, na kila mchana aliichukua imejaa. Siku hiyo hakuacha simu tu, alifungua na begi.

"Papa, ile kibao yako iko na takse."

Kibao changu kilikuwa ubao mmoja uliopigiliwa kwenye mti wa uzio: HAPA TUNATIA MOTO SIMU. Nikamwambia ubao ni wangu, rangi ni yangu, misumari ni yangu, na uzio ni wa mama, naye amesema ndiyo.

"Sikatae. Lakini batu banasomea ile kibao mu barabara. Na barabara ni ya serikali."

"Barabara gani?"

Tuligeuka wote wawili tukaitazama. Kulikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi bata wawili wa jirani.

"Ile," akasema.

Alipoondoka nikakitoa kibao. Asubuhi iliyofuata nilivaa shati nililoandika mgongoni maneno yaleyale, nikakaa mlangoni nikiwapa watu mgongo. Mtu wa kodi alilisoma shati lote, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya shemeji.

"Ile sasa ni kibao ya kutembea," akasema. "Ya kutembea inapita ya kusimama. Bei yake ni mara mbili."

Nikavua shati pale pale. Wateja wakapiga makofi. Yeye akalamba kidole akafungua ukurasa mwingine wa kitabu chake.

"Biashara yenye haina kibao, ile ni kujificha. Kujificha ni mara tatu. Utalipa mbele ya siku ya tano. Kama sivyo, tunabeba paneli."

Naomba msomaji aelewe. Mwenye kibao analipa kwa kuwa nacho, asiye nacho analipa kwa kutokuwa nacho, na mimi nilikuwa nimesimama kifua wazi nikijiona nimeshinda. Nilipiga hesabu kwamba hawezi kubeba paneli, kwa kuwa yeye mwenyewe angechaji wapi?

Siku ya tano alikuja asubuhi kama kawaida, akaweka simu yake sandukuni kama kawaida, kisha akaita wabebaji wawili waliokuja na ngazi. Walibandua lami, wakashusha paneli, wakaipakia kwenye baiskeli, wakaondoka nayo. Pale paani tundu likafunguka, likatutazama.

Mama hakulia wala hakunigombeza. Alilitazama tundu, akatazama mawingu upande wa ziwa, akaingia ndani kusogeza kitanda. Hakikusogea. Chumba chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kitanda hicho na mlango.

Mchana mtu wa kodi alirudi kuchukua simu yake. Wateja walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na simu yake iliyozimika mkononi.

"Usirudishe!" akasema muuza makaa. "Alete paneli, achukue simu!"

"Ufiche mu samaki!" akasema mwingine.

Moyo wangu ulitaka. Lakini ilikuwa simu yake, na daftari langu lilikuwa halina ukurasa wa simu za maadui. Nikaitoa sandukuni nikampa. Akaiwasha, akakunja uso.

"Juu ya nini inafika nusu tu?"

"Umebeba jua yake, papa."

Uani palicheka hadi bata wakatoka dimbwini. Naye alicheka kidogo, kisha akaondoka. Lakini kicheko hakizibi paa. Mvua ilikuja usiku ule. Asubuhi nilikuta godoro la mama limetundikwa kwenye uzio, mahali kibao kilipokuwa, likidondosha maji. Tuliweka turubai, upepo ukalichukua. Usiku wa pili mvua ikarudi. Asubuhi yake mama alikuwa anakohoa, akipanga samaki wake, na kikohozi kile kikanishinda kuliko mtu wa kodi na wabebaji wake wawili.

Katika mkanda wangu wa suruali nilikuwa nimeshonea noti ya dola ishirini, ya kukimbilia kama vita vingerudi. Nikaifumua. Nikatembea hadi ofisini nikijiona kama mtu anayempeleka mbuzi wake mpendwa sokoni. Nilikuwa nakwenda kusema ndiyo ambayo haikuwa ndiyo yangu.

Mtu wa kodi aliichukua noti, akaiinua dirishani, akaigeuza, akaivuta kidogo kwa vidole.

"Hapana, papa. Iko na kidonda."

Kweli, ukingoni palikuwa na mpasuko, mdogo kuliko mguu wa siafu. Anayejua fedha za kwetu anajua: faranga hata iwe imeoza, imeandikwa, imefungiwa mandazi, inapokelewa, lakini dola ikikwaruzwa tu, hakuna anayeitaka.

"Ni dola ya kweli," nikasema.

"Sikatae. Lakini imepasuka."

"Barabara pia imepasuka, na munalipisha takse yake."

"Kwa hiyo unatukana serikali?"

Nikatoka. Wabadilisha fedha wa kando ya barabara waliniambia wataichukua kwa nusu, na mmoja akaniambia kwa nusu ya nusu kwa sababu ya uso niliokuwa nao. Nilizunguka mjini mpaka jua likaegemea. Nilikuwa nimekubali kuuza falsafa yangu, na mnunuzi alikuwa ameikataa.

Nilipofika nyumbani, paneli ilikuwa juu ya paa. Lami mbichi ilikuwa inang'aa kingoni. Mama alikuwa ameketi chini yake mlangoni, akifunga samaki katika magazeti.

"Nani amelipa?"

"Mimi."

"Na feza gani?"

"Likelemba."

Likelemba ni kile chama cha akina mama wanaochangia kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba yote kwa zamu. Zamu yake nilikuwa naijua, kwa kuwa alikuwa ameizungumzia tangu mvua za mwaka uliopita. Ilikuwa ya mabati. Alikuwa amekwenda ofisini na furushi la faranga zinazonuka samaki, na walizihesabu wakiziba pua, wakazipokea zote.

"Mama, juu ya nini unalipia deni yangu? Sikusema ndiyo!"

"Nani amelipia deni yako? Mimi nimelipia usingizi yangu. Maji inanyesha mu kitanda ya nani?"

"Lakini na ile feza si ungenunua bati? Bati mupya, unafunika tundu, inakwisha!"

Alifunga samaki mmoja taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Bati haichaji simu," akasema. "Kisha ile feza ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Nilikuuliza?"

"Hapana."

"Ya mutu ni ya mutu. Si njo unaimba hapa kila siku?"

"Nitakurudishia, mama. Kila wiki, kidogo kidogo."

"Sijasema ndiyo," akasema, akaingia ndani.

Nilijaribu. Niliacha faranga chini ya sufuria yake, nikazikuta chini ya betri yangu. Nilinunua bati moja, akaniambia ni zuri, nilipeleke kwa pasta. Mama mwenyewe hana simu, kwa hiyo sikuweza hata kumchajia bure. Nilipekua daftari lote. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya watu wanaochukua bila kuuliza, na hata mstari mmoja juu ya mtu anayetoa bila kuuliza sikuwa nao.

Mwishowe, Ijumaa moja jioni, nilichukua jembe. Ijumaa, si Jumamosi. Nilitaka ijulikane kwamba hakuna aliyenilazimisha. Nikachimba sehemu yangu ya mfereji, nikachimba na yake, nikafagia mpaka kwa muuza makaa, maji yakapita kama kijito. Nikalala nikiwa mtu huru.

Asubuhi shefu aligonga mabati.

"Iko wapi jembe yako?"

"Shefu, angalia mufereji. Niliisafisha jana."

Akautazama, akauzunguka, akatikisa kichwa kwa kuufurahia.

"Muzuri sana. Lakini jana haikuwa salongo. Leo njo salongo, na weye haukutoka. Faini."

"Nitoke nisafishe nini? Ni safi!"

"Ile mimi sijui. Unatoka, unasimama na jembe, siye tunakuona."

Nilivuta pumzi. Nilikuwa na hoja tatu, na ya kwanza ilianzia kwenye chaki. Nilipofungua mdomo tu, sauti ya mama, aliyesamehewa salongo kwa ajili ya kikohozi, ilitoka ndani, kutoka kitandani, chini ya paneli.

"Shefu! Na weye, mutoto! Muende mubishane kule kwa mabata. Hapa nimelipia usingizi!"

Shefu akashusha sauti. Mimi nikachukua jembe, nikaenda nikasimama.